Zabuni ziko mtandaoni, dawa bado "kanunue nje"

Wadau, kuna sentensi mbili ambazo kila Mtanzania aliyewahi kupanga foleni hospitalini anazijua kwa moyo. Ya kwanza: "Dawa hii hatuna, nenda kanunue nje." Ya pili: "Mtandao unasumbua, subiri kidogo." Ya kwanza sisi tumezaliwa tumeikuta. Ya pili imekuja na maendeleo. Hoja yangu leo ni nyepesi, na najua itawakera marafiki zangu wa wizarani: tumetumia miaka mingi, semina nyingi na chai nyingi za saa nne kuongeza sentensi ya pili, na ile ya kwanza bado imekaa dirishani pale pale ilipokuwa.

Kabla hujanirukia, ngoja. Sina ugomvi na kompyuta. Wanaosema turudi kwenye makaratasi nawajua vizuri, na wengi wao wanayapenda makaratasi kwa sababu karatasi ina tabia nzuri ya kupotea. Jalada likipotea, hakuna zabuni, hakuna kesi. Mimi nataka manunuzi ya hospitali yafanyike mtandaoni mpaka shilingi ya mwisho. Ninachopinga ni huu uongo kwamba ukishaweka zabuni mtandaoni umemaliza kazi ya kumfikishia mgonjwa dawa. Hizo ni kazi mbili. Moja tumeianza. Nyingine tunaizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

KWA NINI KIBAHA NA KISARAWE

Nimezichagua wilaya hizi mbili makusudi. Ningeandika habari za Kalambo au Kakonko, afisa mmoja angenipigia simu kunifundisha jiografia: umbali, madaraja, masika. Haya, basi tuje karibu. Makao makuu ya Bohari ya Dawa, MSD, yako Keko, Dar es Salaam. Kutoka pale mpaka Kibaha ni kilometa kama 40 za lami. Kisarawe mjini ndiyo hapo hapo juu ya milima ya Pugu. Ukitoka Gongo la Mboto na daladala hujamaliza hata pakiti ya karanga umefika. Lori likitoka Keko alfajiri, hata foleni ya Kimara imle vipi, kabla ya saa nne liko Mailimoja.

Sasa niambie: ikiwa mgonjwa wa Kibaha au Kisarawe anaambiwa akanunue nje, tutamsingizia nani? Mvua? Simba wa Selous? Hapa umbali haupo. Kinachobaki ni vitu vitatu: taarifa, fedha na uwajibikaji. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua ugonjwa wa mnyororo wetu wa dawa, usiende mbali. Upime hapa, mahali ambapo hauna kisingizio.

Na wilaya zenyewe zina mahitaji tofauti kabisa. Tumbi ilianza kama sehemu ya mradi mkubwa wa nchi za Nordiki uliosainiwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Leo Tumbi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, na iko kando ya Barabara ya Morogoro. Unajua maana yake? Basi likipinduka, majeruhi wanapelekwa pale. Ajali haijazi fomu ya maoteo ya robo mwaka. Usiku mmoja unaweza kumaliza nyuzi za kushonea, plasta, dripu na glavu ambazo mtu alipanga zitoshe wiki kadhaa.

Kisarawe ni kitu kingine. Mjini pale kuna hospitali ya wilaya, lakini wilaya yenyewe inakwenda ndani sana: Maneromango, Mzenga, Vikumburu, Mafizi. Kule kuna zahanati ambazo muuguzi mmoja ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mtunza stoo na ndiye mhasibu. Wagonjwa wake wanauza mihogo, mkaa na korosho. Ukimwambia mama wa Vikumburu "kanunue nje", nje ni wapi? Nje yake ni pori.

BODABODA LA KARIAKOO

Nitasimulia jambo moja kisha nirudi kwenye hoja. Mjomba wangu alivunjika mkono, tukampeleka hospitali moja ndani ya Mkoa wa Pwani. Sitaitaja, kwa sababu kosa lenyewe si la hospitali moja. Daktari alikuwepo, na alikuwa mwungwana. Mashine ya eksirei ilifanya kazi. Plasta haikuwepo. Sindano ya maumivu haikuwepo. Nikaandikiwa karatasi, nikavuka barabara mpaka duka la dawa. Nikapata vyote.

Nikamuuliza dada muuzaji, hivi wewe unavipata wapi na hospitali wanakosa? Akacheka. Akasema jana jioni plasta zilimwishia, akapiga simu Kariakoo, akatuma pesa kwa simu, asubuhi bodaboda likamletea boksi. Ndiyo hivyo tu. Simu, pesa, bodaboda.

Wadau, lile bodaboda limenikaa kichwani kuliko mada zote nilizowahi kuzisikiliza kwenye projekta. Kwa nini mnyororo wa yule dada unafanya kazi? Kwa sababu mtu anayejua kwamba plasta zimeisha ndiye huyo huyo mwenye pesa, ndiye huyo huyo mwenye ruhusa ya kuagiza. Taarifa, fedha na uamuzi viko kwenye kiganja kimoja. Upande wa pili wa barabara vitu hivyo vitatu vinaishi nyumba tatu tofauti na havisalimiani. Anayejua kwamba plasta zimeisha ni muuguzi. Mwenye ruhusa ni mtu mwingine ofisini. Mwenye pesa yuko mbali zaidi, na pengine naye anadai.

Lakini usimsifu bodaboda kupita kiasi. Bei ya lile boksi aliilipa mjomba, si serikali. Hakuna aliyehakiki kama dawa zile zilihifadhiwa kwenye joto linalofaa. Hakuna namba ya toleo iliyoandikwa popote. Kesho TMDA wakitangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, nani atamtafuta mjomba wangu? Mnyororo wa bodaboda una kasi bila ulinzi. Wa serikali una ulinzi kwenye makaratasi bila kasi. Mageuzi ya kweli ni kuviunganisha. Kinyume cha hapo ni kubadilisha rangi ya fomu.

TUMETOKA WAPI

Vijana wenzangu tunadhani mageuzi haya yameanza na intaneti. Hapana. Kuanzia mwaka 1983, chini ya Mpango wa Dawa Muhimu, zahanati zetu zilipelekewa makasha: sanduku moja lenye dawa zile zile kwa kila kituo, uwe unahitaji au huhitaji. Kituo chenye malaria nyingi kiliishiwa dawa ya malaria, kituo kingine dawa zile zile zilioza. MSD ikaundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 13 ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwaka 1994. Baadaye makasha yakaachwa, kila kituo kikaanza kuagiza kinachohitaji kwa fomu. Wazo zuri. Lakini fomu ilisafiri kwa mguu, kwa baiskeli na kwa Land Cruiser ya mkubwa pale inapopatikana.

Halafu likatokea jambo ambalo linapaswa kufundishwa kila chuo cha utawala nchini. Kati ya mwaka 2009 na 2010 lilifanyika jaribio lililoitwa SMS for Life katika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila Alhamisi mhudumu alitumiwa ujumbe wa simu: una dozi ngapi za dawa za malaria? Anajibu bure, kwa simu yake mwenyewe, hata ya tochi. Akijibu kwa wakati anapata salio kidogo. Mkubwa wake wilayani anaona majibu na kuhamisha dawa kutoka penye ziada kwenda penye upungufu. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa ya malaria vilikuwa asilimia 78 wiki ya kwanza. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26.

Soma tena hizo namba. Hakukuwa na kompyuta mpakato zahanati. Hakukuwa na zabuni ya mabilioni ya kununua programu kwa kila kituo. Kulikuwa na swali moja, linaloulizwa kila wiki, na mtu mwenye mamlaka anayesoma jibu.

Baada ya hapo tukapata eLMIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa na maombi ya dawa, kuanzia mwaka 2013 na 2014. Tukapata Jazia, ule mfumo wa Mshitiri ulioanzia Dodoma mwaka 2014, ambapo mkoa unamchagua mzabuni mmoja wa kuziba pengo pale MSD inapokosa bidhaa. Mwaka 2018 ukaenea nchi nzima. Mwaka 2017 fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na mfumo wake wa uhasibu, FFARS. Kwenye manunuzi tukapata TANePS mwaka 2018, na mwaka 2023 nafasi yake ikachukuliwa na NeST, uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023 ikaanza kutumika Juni 2024, ikaleta na kitu kinachoitwa bei kikomo, ili ofisi ya umma isiuziwe kalamu kwa bei ya simu.

Yote haya ni mazuri, na nayasema bila kejeli. Waliojenga NeST wanastahili pongezi. Leo yeyote mwenye simu anaweza kuona zabuni zilizotangazwa. Zile ankara tatu za makampuni matatu yenye namba moja ya simu zimepata tabu kidogo. Sawa. Lakini hesabu mifumo niliyoitaja. Kisha ongeza wa wagonjwa, GoTHoMIS, na wa malipo, MUSE. Mfamasia wa wilaya anashinda akikumbuka nywila. Na kitu kimoja kinachokosekana katika msitu huo wa vifupisho ni mstari mmoja unaotoka kwa mgonjwa aliyekosa dawa dirishani, ukapita kwa aliyeagiza, ukafika kwa aliyeshindwa kuleta, mwenye jina na cheo.

ZABUNI NI MLANGO TU

Hapa ndipo wakubwa wanapotuchanganya. NeST inaweza kukuambia nani ameshinda zabuni na kwa bei gani. Haiwezi kukuambia kama dawa ilifika Mzenga. eLMIS inaweza kukuambia Mzenga iliomba nini. Haiwezi kukuambia kama hazina imelipa. Mfumo wa hospitali unaweza kukuambia mgonjwa aliandikiwa nini. Je, unamhesabu yule aliyeondoka na karatasi kwenda kuvuka barabara? Huyo akishavuka amefutika. Kwenye takwimu hayumo. Na mahitaji ya mwaka kesho yanapigiwa hesabu kwa kile kilichotolewa mwaka jana. Kwa hiyo kituo kilichokosa dawa mwaka jana kinaonekana kama kituo ambacho hakikuihitaji. Umeielewa hiyo? Uhaba unajizalia uhaba, tena kwa kompyuta.

Halafu kuna fedha. Mwaka 2014 MSD ilibanwa kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa inadaiwa na bohari yake. Deni liliripotiwa kuzidi shilingi bilioni 90. Hospitali zikaanza kupunguza huduma. Hakuna programu duniani inayonunua dawa kwa deni ambalo mwenye deni halizungumzii. Unaweza kuagiza kwa kidole kimoja, ukabofya, ukaona rangi ya kijani, na ghala likawa tupu. Mgema asipolipwa hapandi mnazi.

Na kuna siasa. Hapa hapa Kibaha kuna kiwanda cha serikali cha kutengeneza viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Juni 2017 Rais Magufuli alikitembelea na ikabidi yeye mwenyewe, Rais wa nchi, aagize halmashauri zikachukue dawa hizo. Wengi tulishangilia. Mimi leo nauliza: mnyororo wa ugavi unaohitaji msafara wa Rais ili dawa itoke Kibaha, unaitwa mnyororo? Rais hawezi kuzungukia kila ghala. Amri ni dripu. Humfufua mgonjwa siku hiyo. Mfumo ni chakula.

Jirani zetu Kenya wametufundisha upande wa pili. KEMSA, bohari yao, ilikuwa na mifumo ya kielektroniki ya maagizo kutoka kaunti. Mwaka 2020 ikaingia kwenye kashfa ya manunuzi ya vifaa vya korona. Mwaka 2023 ikaja kashfa ya vyandarua vya Global Fund, na Rais Ruto akavunja bodi. Uamuzi ukifanyika kwa simu ya mkononi usiku, kompyuta asubuhi inaandika tu kilichokwisha kuamuliwa.

BINAFSI NAO WASIJIFICHE

Najua kuna msomaji wangu wa Mikocheni anasema, haya ni ya serikali, mimi natibiwa binafsi. Pole, ndugu. Hospitali na zahanati nyingi binafsi zinaishi kwa mnyororo ule ule wa yule dada: simu, pesa, bodaboda. Kila moja inanunua peke yake, kidogo kidogo, kwa bei ya jumla ya siku hiyo, kisha inaongeza chake. Zahanati ndogo ya Mlandizi haina nguvu ya kujadiliana bei na muingizaji mkubwa wa Dar. Gharama hiyo inaishia kwako au kwenye bima yako.

Unakumbuka Machi 2024? NHIF ilitoa kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zikaacha kwa muda kuwahudumia wanachama wake. Wagonjwa wakabaki wanashangaa katikati. Nilifuatilia mjadala ule kama kila mwandishi. Upande mmoja unasema bei ni ndogo, haitoshi hata kununulia dawa. Upande mwingine unasema bei imefanyiwa utafiti. Na mwananchi hakuwa na chombo hata kimoja cha kumwonyesha hospitali inanunua dawa fulani kwa shilingi ngapi. Tulikuwa tunaamua ugomvi wa sokoni huku mizani imefunikwa kitambaa.

Sasa nauliza swali la kichokozi: kwa nini hospitali binafsi inayopokea fedha za bima ya umma isilazimike kuripoti kielektroniki bei iliyonunulia, namba za matoleo na salio lake? Wataniambia siri ya biashara. Sawa, siri ya biashara inaheshimiwa pale unapotumia fedha zako. Ukila fedha za michango ya walimu na manesi, tufungulie leja. Na kama malipo, wapewe haki ya kununua kwa pamoja, kupitia MSD au muungano wao wenyewe, wapate bei ya wingi. Kijiti na karoti.

WENZETU WAMEFANYAJE

Jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, lilianzisha shirika lake la dawa mwaka 1994, mwaka ule ule MSD ilipoanza kazi. Ni pacha wetu. Wao kila hospitali ikapewa kitabu kama cha benki, chenye kiasi cha fedha ilichotengewa. Inachukua dawa kwenye ghala la wilaya na salio linapungua. Kila ghala likaunganishwa kwa kompyuta. Sampuli za dawa zinapimwa maabara, na msambazaji analipwa baada ya dawa kufaulu. Hakuna maajabu hapo. Kuna hospitali inayojua fedha yake, ghala linalojua salio lake na muuzaji anayejua atalipwa akileta kitu safi.

Ukraine nao, baada ya mapinduzi ya mwaka 2014, wanaharakati walijenga mfumo wa manunuzi unaoitwa ProZorro, ukawa wa lazima kwa ofisi zote za umma mwaka 2016. Msingi wake ni kwamba kila mtu anaona kila kitu. Wakaongeza na ukurasa ambapo raia analalamikia zabuni moja moja. Ujanja wa programu ulisaidia, lakini nguvu ilitoka kwa macho ya watu.

Hayo macho ndiyo tunayoyakosa. Mimi ni mwandishi wa gazeti. Nikitaka kujua salio la dawa za shinikizo la damu Kisarawe leo, lazima niandike barua, nisubiri, niulizwe ninatumwa na nani. Taarifa ipo kwenye eLMIS. Imelipiwa na umma, na kwa miaka mingi imelipiwa pia na wafadhili, Wamarekani hasa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ndipo tulipogundua sehemu gani za nyumba yetu zilikuwa zimeegemea ukuta wa jirani. Kama ni yetu, tuilipie wenyewe. Na tukiilipia wenyewe, tuione.

NINACHOTAKA

Ili nisiambiwe mwandishi kazi yake kulalamika, haya hapa:

1. Salio la dawa muhimu, tuseme thelathini tu za kuanzia, liwe wazi kwa kila kituo kila wiki. Libandikwe kwenye mbao za matangazo na lipatikane kwa kupiga namba fupi kwenye simu ya tochi. Mama wa Vikumburu ajue kabla hajapanda bodaboda.

2. Kila mgonjwa anayeambiwa "kanunue nje" ahesabiwe. Kibonyezo kimoja tu: dawa gani, tarehe gani. Hiyo ndiyo takwimu ya mahitaji ya kweli. Mkurugenzi apimwe kwayo.

3. MSD ikiwa haina bidhaa, jibu la "hatuna" litoke lenyewe ndani ya saa 24 na kumpa mfamasia ruhusa hapo hapo ya kununua kwa Mshitiri, kwa bei inayoonekana chini ya bei kikomo. Kituo kiwe na simu, pesa na bodaboda lake, ila lenye risiti na namba ya toleo.

4. Dawa moja iwe na namba moja katika mifumo yote, kuanzia zabuni ya NeST mpaka dirisha la zahanati. Bila hiyo tutaendelea kujenga madaraja yasiyokutana katikati ya mto.

5. Madeni yachapishwe kila mwezi: serikali inadaiwa na MSD kiasi gani, NHIF inadaiwa na hospitali kiasi gani, hospitali zinadaiwa na wasambazaji kiasi gani. Aibu nayo ni nyenzo ya utawala.

6. Ajirini wafamasia na watunza stoo. Mfumo unaojazwa na muuguzi aliyetoka kuzalisha wanawake watatu usiku utajazwa makosa, na hatuna haki ya kumlaumu.

7. Hospitali ya binafsi inayotaka fedha za NHIF ifungue leja yake ya dawa.

Nimeshasikia majibu mawili. La kwanza: umeme na intaneti vijijini. Ndugu, lile jaribio la Lindi, Ulanga na Kigoma lilifanyika kwa ujumbe wa simu zaidi ya miaka 15 iliyopita. La pili: tukiweka salio wazi, wezi watajua pa kuiba. Wezi wa dawa za serikali hawasubiri tangazo, jamani. Vidonge vya MSD vimegongwa alama ya GOT kwa sababu wezi walikuwepo kabla ya tovuti, na wengi walikuwa na ufunguo wa stoo. Asiyejua salio katika nchi hii ni mgonjwa peke yake.

Kwenye zahanati zetu kuna kamati za wananchi, na kuna wanakijiji wanaotia sahihi dawa zinapopokelewa. Wale wazee wa Maneromango wanaohesabu maboksi kwa macho na vidole ni mfumo wa uwazi wa zamani kuliko NeST. Wapeni namba za kulinganisha: kiliombwa nini, kimeletwa nini, kimelipiwa nini. Kisha mkae pembeni mtazame watakavyouliza maswali.

Mpaka siku hiyo, kila mkubwa atakayesimama kwenye jukwaa kuzindua mfumo mpya wa kielektroniki, nitakuwepo na daftari langu mstari wa mbele, na swali langu litakuwa moja. Mheshimiwa, wangapi wameambiwa leo wakanunue nje?

Naomba kuwasilisha. Wafamasia, manesi na wenye maduka ya dawa wa Mailimoja mpaka Mzenga, nipingeni kwa hoja. Na wewe mwenye karatasi ya daktari mfukoni ambayo hukuweza kuinunua, nawe una hoja.